Injini Iliyonyweshwa Ufuta

Juzi pale Bungu nimeona mashine ya kusaga ikitiwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa samaki. Moshi wake ukanirudisha Ruaruke, mchana mmoja wa vita vya kumpinga Mdachi.

Akida Sefu, aliyetutawala kwa niaba ya Wajerumani, huyo huyo aliyetuchomea ghala la mpunga, alimjia bibi yangu. Boti ya Mdachi ilikuwa imeishiwa mafuta mtoni, na ndani yake baba yangu kafungwa kamba, anapelekwa kunyongwa.

"We kikongwe, lete mafuta ya ufuta!"

"Ngoja basi, mwanangu. Chungu hakijapoa."

Kwa kawaida ufuta tuliuchemsha kwa maji, mafuta yakaelea, tukayaengua. Siku ile bibi hakuengua. Alimimina vyote debeni, maji chini, mafuta yanang'aa juu.

Debe likamiminwa botini, injini ikanguruma, mto mzima ukanukia vitumbua. Mara ikakohoa, ikanyamaza katikati ya maji. Askari wakaiinamia wakitukanana, na baba akajitupa mtoni, akapotelea kwenye matete.

Nikarukaruka. "Bibi, dawa ya maji imefanya kazi!"

"Dawa gani? Mie nilitaka kumpunja Sefu tu."

Leo najua maji huzima injini yoyote. Wajomba zangu walikunywa dawa ile ili risasi ziwe maji, na risasi ziliwamaliza, lakini baba alizeekea mikononi mwetu.