Nesi Aliyenusa Vibuyu

"Nesi, mbona unanusa vibuyu vya watu?" Milembe aliuliza akiwa darasa la tatu, kwenye foleni ya zahanati ya Tinde, amekumbatia kibuyu cha bibi yake. Nesi wa dirisha la dawa aliendelea kunusa. Kila mgonjwa alimeza kapsuli ya kwanza mbele yake, na kila kibuyu kilipita kwanza chini ya pua yake. Mikono yake ilinukia spiriti, sauti yake ilikwaruza, na maneno hayakubadilika: "Tetrasaiklini haipatani na maziwa, yanaifunga tumboni. Ikikuchafua tumbo, au jua likikuunguza kuliko kawaida, njoo uniambie, usiiache kimya kimya. Na hata ukipata nafuu, uimalize." Wafugaji walimcheka. "Mgonjwa anyimwe maziwa? Huyu kwao hakuna ng'ombe!"

Ilipofika zamu ya bibi, kifua kimembana hata salamu hawezi kuitikia, nesi alinusa kibuyu chao, akamwaga nje maziwa yaliyokuwemo, akaleta maji kwenye kikombe chake mwenyewe, akamshika bibi kisogo mpaka akameza. Bibi alipona, na hadi leo ndiye anayemgombeza Milembe kwa kuchelewa kuamka. Mwaka huu Milembe, sasa yuko kidato cha pili, alimpelekea nesi kuku wa shukrani, akarudia swali lake. Nesi akacheka.

"Kwa sababu nikiuliza, kila mtu hunijibu ni maji. Hata wewe, mwanangu, siku ile nilipokuuliza ulinijibu ni maji, kwa jinsi ulivyompenda bibi yako."