Bomba Limepasuka

Mtangazaji wa kijiji, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hujiita Sauti ya Serikali, na hujicheka kabla hujamcheka. Kila asubuhi hukohoa kwenye megafoni, akaita, “Allô, allô, bakaaji!” kisha hutangaza chanjo, mikutano na zamu za maji. Majirani zake huvaa kandambili. Yeye huvaa viatu vya kamba, amevikaza utadhani anakwenda mashindanoni. Ukimwuliza sababu, hupangusa megafoni kwa mkono wa shati, akakusimulia mwenyewe.

Siku moja fundi wa maji, Mganda aliyejifunzia Kiswahili kambi ya jeshi ya Makenke, alimpigia simu: “Ambia watu, bomba imepasuka hapo juu.” Fundi alimaanisha bomba la maji. Lakini kwao Kivu, Kongo, bomba ni ile ya vita, inayobomoa nyumba, na ikipasuka hungoji kuambiwa mara ya pili. Sauti ya Serikali akatimka bondeni, kandambili moja ikabaki njiani, megafoni shingoni hajaizima, kijiji kizima kikamsikia akihema: “Yesu wangu! Mama Eliane, kimbia!” Hapo alikuwa ameshampita mkewe. Akateleza, akaanguka topeni, katikati ya wanawake waliokuwa wakikinga maji yaliyotiririka kutoka kwenye bomba lile.

“Tangazo tumesikia,” mmoja akamwambia, “lakini haukusema tulete bidoni za maji.”

Kijiji bado kinacheka, na Mama Eliane anawashinda wote. Ila naye amenunua viatu vya kamba. “Mara hii,” humwambia mumewe, “hautanipita.”