Kompyuta yangu ya kwanza: tuliiombea kabla ya kuifungua

Wakuu, salaam. Kwanza niwataje waliokuwepo siku hiyo, asije mtu akasema nimetunga: mimi, dada yangu Moraa, mdogo wetu Ombati, jirani yetu Mzee Onchiri ambaye alikuwa mzee wa kanisa, na muuzaji, aliyejiita Tinega wa Suneka.

Wanne kati yetu ni Wasabato. Wa tano alilijua hilo vizuri.

Ni miaka ya tisini, nyumbani Birongo. Wazazi walishafariki. Mimi ndiye mkubwa, niliacha shule darasa la sita. Moraa alikuwa akitulisha kwa cherehani ya marehemu mama, akishona uniform.

Mimi nilikuwa na maono: kufungua ofisi ya kuchapa barua sokoni. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani. Mjini Kisii walishaanza kuzitupa, ndiyo maana ilikuwa inatafuta mtu kama mimi.

Tinega hakutaka pesa. Alitaka cherehani.

Alifika Ijumaa, jua limeshagusa migomba. Kwa wasiojua, Sabato huanza jua likizama, na baada ya hapo hakuna biashara. Umeme ulikuwa posho mill tu, kwenye kinu cha kusaga mahindi, na mwenye kinu, Msabato pia, alikuwa ameshafunga.

Nikasema tungoje Jumapili tuijaribu.

"Ndugu, Jumapili nina mteja Nyamira," akasema. "Na jua ndilo hilo. Sitaki kuwavunjia Sabato."

Mtu mwenye heshima namna hiyo utamshuku vipi?

Moraa akauliza, "Kaka, kwani hatuwezi kuifungua tuone ndani?"

"Wewe unajua nini kuhusu kompyuta?" nikamjibu. Mimi wa darasa la sita.

Mzee Onchiri akaliinua kasha kidogo. "Ni zito. Lina kitu ndani."

Kisha akaliombea. Amina ya Tinega ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Akapakia cherehani kwenye pickup, akaondoka kabla jua halijazama. Hakuvunja Sabato ya mtu.

Kesho yake baada ya ibada watu walikuja kuitazama. Nikawaeleza habari za memory mpaka nikajiamini.

Jua lilipozama tukaipeleka posho mill. Kimya. Ombati akafungua skrubu. Ndani hamkuwa na hata waya. Mlikuwa na jiwe la sabuni, lile la kwetu la kuchongea vinyago, limekatwa likaenea sawasawa.

"Angalau ni ya hapa Kisii," Ombati akasema.

Moraa hakucheka. Alilibeba jiwe, akaliweka pale cherehani ilipokuwa ikisimama.

Suneka nilikwenda. Hakuna aliyemjua.

Basi nyinyi wapya mnaouliza jinsi ya kununua kompyuta za zamani: tembea na screwdriver. Na mtu akikuharakisha kwa faida yako, vuta kiti ukae.

Mnaniuliza pia nilianzaje kukusanya. Nilikuwa naingia kila duka la vitu vikuukuu, Kisii na Nyamira, kutafuta ile cherehani. Kompyuta ndizo nilizokuwa nakutana nazo. Sasa ninazo kumi na moja.

Moraa nimemnunulia cherehani mbili mpya. Anasema asante, anashonea, lakini jiwe haliondoi.

Ile cherehani ya mama ina herufi M.K. chini ya meza yake, alizichonga kwa kisu. Aliyewahi kuiona aandike hapa chini. Jiwe bado liko pale.