Nguzo Zilizokata Kona

Leo wameshusha nguzo mpya za umeme mbele ya nyumba yangu hapa Chuno, na harufu ya dawa yake ya mchwa imenirudisha utotoni, shambani kwa bibi, kijijini Mahurunga.

Ushirika wa umeme wa kijiji ulikuwa umekubaliana laini ipite shambani kwake. Bibi mwenyewe alinyoosha mkono mkutanoni. Kisha fundi akachora alama nyekundu ya kukatwa kwenye mkorosho ambao bibi alimpandia mama yangu siku aliyozaliwa. Mchana kutwa niliisugua ile rangi kwa mchanga, haikutoka.

Kesho yake asubuhi wanachama wakaja na majembe na shoka moja. Niliukumbatia mti, gome likinikwaruza shavu. Katibu wao, jirani yetu, alinitazama, akamgeukia bibi.

“Mbona hukusema, bibi?”

“Nilishanyoosha mkono, mwanangu.”

“Basi tufanye mkutano tena. Hapa hapa.”

Wote wakanyoosha mikono laini iukwepe mti, hata mwenye shoka, wakaenda kuchimba mashimo mengine pembeni. Ndipo nikauachia mti. Bibi alikaa chini akawachagulia mabibo yaliyoiva ya mti ule.

Laini bado inakata kona pale. Mafundi wageni wakiuliza sababu, mama huuonyesha mkorosho. “Huyu naye ni mwanachama.”