Mwoka mikate aliyeisaka pete yake nyumba kwa nyumba siku ya Halloween

Saa mbili asubuhi, na karatasi za kuokea zimeshakatwa vipande vidogo vya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mama Nonie Gilhooly, mwenye umri wa miaka 83, anachukua pete ya shaba kutoka kwenye kopo, anaiweka katikati ya karatasi, anaviringisha, kisha anasokota ncha mbili kama peremende. Hatazami mikono yake. Anatazama barabara, maana dirisha la duka hili la mikate la Carrowmoy, kaunti ya Sligo, ndilo gazeti lake.

Pembeni yake mkaza mwanawe, Attracta Gilhooly (52), anakanda unga uliochanganywa na zabibu kavu zilizolala kwenye chai tangu jana. Kila donge linalotoka mikononi mwake linapokea pete moja, linaingia kwenye bati, na bati linaelekea tanurini.

"Mama, punguza mwendo. Umeshaniacha pete ishirini."

"Wewe ndiye uongeze. Mimi nina pensheni, wewe bado."

Ni wiki ya mwisho ya Oktoba. Jumamosi jioni, usiku wa Halloween, kila nyumba ya hapa itakata mkate huu, ambao wenyeji huuita brack, na atakayekuta pete kwenye kipande chake ataambiwa kwamba ataoa au ataolewa kabla ya Halloween nyingine. Zamani ndani ya mkate mlikuwa pia na sarafu ya utajiri, kitambaa cha umaskini na njegere ya kukosa mchumba. Siku hizi imebaki pete peke yake.

"Njegere tuliiondoa baada ya binti mmoja kuipata miaka minne mfululizo," anasema Mama Nonie. "Mama yake alihamia duka jingine."

Mwezi wa kawaida duka humwachia Attracta yuro zipatazo 1,500 baada ya matumizi. Oktoba huleta mara mbili ya hizo, na ndiyo inayonunua mafuta ya kupasha nyumba joto hadi Machi. Mkate wake ni yuro tisa, ilhali ule wa kiwandani ni tatu na nusu. Wateja wanaujua ukweli huo na bado wanakuja, kwa kuwa mama zao walinunua hapa na bibi zao pia.

Lakini mwaka jana siku kama hizi, kiti cha Mama Nonie kilikuwa kitupu.

Attracta huvua pete yake ya ndoa kila anapokanda na kuiweka kwenye kisahani kilicho rafuni. Si pete ya dukani. Mama Nonie aliivaa miaka thelathini, kisha akaivua kidoleni mwake na kumpa mwanawe amvishe Attracta siku ya harusi. Jumatano alasiri, siku mbili kabla ya Halloween, Attracta alinawa mikono, akanyoosha mkono rafuni, akakuta kisahani hakina kitu.

Walichekecha unga. Walifungua bomba la sinki. Mumewe Attracta alilala kifudifudi akapapasa chini ya tanuri kwa fimbo. Hapo Mama Nonie akalitazama kopo lake la pete, akakitazama kisahani kilichokuwa juu yake kidogo tu, akakaa chini.

"Nimeifunga," alisema. "Nimeifunga na zile nyingine."

Kulikuwa na jambo lililofanya neno hilo kuwa zito. Mwezi Agosti Mama Nonie alisahau birika motoni hadi kitako chake kikatoboka. Binti yake Carmel, anayeishi Galway, alishtuka, akatafuta chumba katika nyumba ya kutunzia wazee, na akasema yatazungumzwa Jumamosi ya baada ya Halloween, atakapokuja nyumbani. Mama Nonie alikuwa amekataa kata kata. Jumatano ile alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya duka.

"Mwambieni Carmel sibishani tena. Mtu asiyeijua pete yake mwenyewe hana kazi jikoni."

Attracta anaacha kukanda anapofika hapa.

"Nilipaswa kumwambia, Mama, tungoje kwanza. Sikusema. Moyoni nilishaamua kuwa ni yeye, na nadhani aliliona hilo usoni mwangu."

Mikate ya siku hiyo ilikuwa arobaini na sita, na yote ilishachukuliwa. Tatizo lilikuwa moja. Popote pengine duniani, mtu akikuta pete ndani ya mkate atapiga simu dukani akiwa na hasira. Hapa Carrowmoy mtu huyo anapigiwa makofi, watu wanamtania hadi machozi, na pete inatupwa kwenye droo ya vijiko.

Attracta aliwapigia wote arobaini na sita akiwaomba wakate mapema. Hakuna aliyekubali. "Ningewaambia wauze shamba wangenielewa upesi," anasema. Mkate wa Halloween haukatwi kabla jua halijazama, basi. Jirani mmoja alijitolea kupita na mashine yake ya kutafutia madini ardhini. Alianza na mkate wake mwenyewe, mashine ikalia. Akajaribu wa mkwewe, ikalia pia. Ndipo akakumbuka kwamba yote ina pete.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ijumaa saa kumi na moja jioni, giza likianza kushuka, Attracta alitoka na orodha yake ya wateja akiwa bado na aproni. Barabarani alijikuta kati ya watoto waliovaa vinyago na makoti ya baba zao, na mbele ya milango kulikuwa na taa zilizochongwa kwenye maboga. Kwa wazee wachache wasiotaka mambo mapya, zilichongwa kwenye tanipu, mboga za mizizi ambazo ni ngumu kama jiwe na hutoa sura mbaya zaidi.

Nyumba ya kwanza hawakumruhusu kupita mlangoni hadi aimbe, maana mgeni wa Halloween hapewi kitu bure. Akaimba nusu ya wimbo.

"Waliniuliza nimejivisha kama nani. Nikasema mwoka mikate. Mtoto mmoja akasema sijafanana."

Kila nyumba ilikuwa na sheria zake, na Attracta, aliyewaokea watu hawa maisha yake yote, anasema hakuwahi kujua hata nusu yazo. Kwa akina Hannon anayekata ni mdogo kuliko wote, akiwa amefungwa macho. Nyumba ya pili yake hawakati hadi kila mtoto awe ameng'ata tufaha linaloelea kwenye beseni, na yule wa mwisho alichukua dakika arobaini huku Attracta akimwombea kimoyomoyo. Wengine hula kwanza viazi vilivyopondwa na kabichi na siagi. Pete zilitoka moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa za shaba.

Kwa mjane mmoja, Bi. Philomena Kilcullen, kipande cha kwanza kilikuwa kimewekwa dirishani pamoja na kikombe cha chai, kwa ajili ya mumewe aliyefariki mwezi wa Mei. Vipande vingine vyote vilishaliwa na pete haikuonekana.

"Basi imo kwenye hicho cha dirishani," Attracta alisema. "Philomena, niruhusu nikichungulie tu."

"Hakiguswi hadi asubuhi. Ni cha Dermot."

"Na kama pete ameipata yeye?"

"Basi huko aliko ana mtu," mjane akajibu, "na afadhali nijue."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya akina Tansey, Malachy mwenye miaka 61 na dada yake Una mwenye miaka 66. Hawajaoa wala kuolewa, na wanafuga kondoo kwenye kilima kilicho nyuma ya kanisa. Una ndiye aliyefungua mlango, na hakungoja salamu.

"Mkate wako haukuwa na pete. Tumeumaliza wote, mimi na huyu. Yuro tisa, Attracta."

Malachy alikuwa mezani akikoroga chai. Hakuinua uso. Attracta aliomba radhi na kuondoka, na njiani akajisemea kwamba hata kuweka pete siku hizi mama anasahau. Alifika nyumbani akamkuta Mama Nonie hajagusa chakula. Begi dogo lilikuwa limeshafungwa na kuwekwa mlangoni.

Jumamosi asubuhi Bi. Kilcullen alipiga simu. Kipande cha marehemu kilikuwa na pete ya shaba. Nyumba zote zilikuwa zimekwisha, na Carmel angefika saa sita.

Saa nne, Malachy Tansey aliingia dukani akiwa ameshika kofia. Alisimama mbele ya rafu ya biskuti hadi mteja wa mwisho alipotoka.

"Una yuko kanisani, anapanga maua," alisema. "Nina dakika kumi."

Akatoa kwenye mfuko wa koti kijikaratasi kilichokaushwa na tanuri, bado kimefungwa.

"Malachy! Kwa nini hukusema jana?"

"Niseme mbele ya Una? Angeniimbia hadi Pasaka. Niliihisi kwenye kipande changu, nikaificha kiganjani. Nilitaka nikae nayo siku moja tu kabla mtu hajajua." Akageuza kofia mikononi. "Sijaifungua. Nilikuwa nangoja kuwa peke yangu. Lakini usiku nikamfikiria Mama Nonie."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama Nonie alikuwa kwenye kiti karibu na tanuri, koti mwilini. Kabla Attracta hajaigusa karatasi, mzee alivaa miwani na kuinama.

"Hiyo si yangu," alisema.

"Mama, hata hatujaiona."

"Sizungumzii pete. Nazungumzia karatasi. Mimi nasokota. Hiyo imekunjwa pembe nne, kama bahasha."

Katika duka lile ni mtu mmoja tu anayekunja pembe nne.

Hapo Attracta akakumbuka. Jumatano asubuhi Mama Nonie alikwenda kliniki kupimwa shinikizo la damu. Tanuri lilikuwa limeshapata moto na haikufaa kungoja, kwa hiyo Attracta alivuta kopo na kisahani pamoja, akafunga pete kumi mwenyewe, mbio mbio, huku akizungumza na simu. Baada ya hapo hakulifikiria tena jambo hilo. Kwa miaka yote kazi ya pete ilikuwa ya Mama Nonie, basi na kosa la pete likawa la Mama Nonie.

"Nyani haoni kundule," anasema sasa, na anacheka. Siku ile hakucheka. Alifungua karatasi, akaona dhahabu imepigwa weusi kidogo na sukari, akakaa juu ya gunia la unga akalia kama mtoto. "Nilikuwa na furaha na nilikuwa na aibu, sijui ipi ilikuwa mbele. Nilimwacha mama wa watu abebe kosa langu siku tatu, asile, afungashe nguo zake. Nilimwomba msamaha mbele ya Malachy."

Mama Nonie alivua miwani. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Miaka sitini nangoja mtu mwingine akosee katika duka hili," alisema. "Nipe aproni yangu."

Alikula sahani mbili za viazi vya jana. Carmel alipofika alimkuta mama yake akimgombeza mteja aliyeuliza kama kuna mkate uliobaki wa bei nafuu.

"Nilikuja na fomu za ile nyumba," Carmel alisema kwa simu kutoka Galway. "Aliniambia niziweke mezani, kisha akatua juu yazo bati lililotoka tanurini. Sikuzidai tena."

Birika jipya ni la umeme na hujizima lenyewe. Attracta sasa huvaa pete yake shingoni anapokanda. Malachy alipewa pete ya shaba, iliyosokotwa na Mama Nonie kwa mkono wake, na hadi leo hajamwambia dada yake. Amekubali habari hii iandikwe kwa sababu, anasema, Una hasomi Kiswahili.

Mwaka huu kuna oda mpya. Nyumba ile ya wazee ya Galway, ambamo Carmel alikuwa amepata chumba, imeagiza mikate kumi na minne, mmoja kwa kila meza. Ombi lao lilikuwa moja, kwamba isiwe na pete, maana wanaogopa wazee watapaliwa. Attracta alikuwa tayari kukubali. Mama Nonie alimnyang'anya simu.

Yeye na wasimamizi wa nyumba ile walibishana siku mbili, wakaafikiana. Jumamosi Mama Nonie ataingia katika nyumba ile kupitia mlango wa jikoni, na mikate yake, na usiku atarudi kwake Carrowmoy. Akijaliwa uzima, anataka iwe hivyo kila mwaka.

"Niliwaambia nitakaa nao, nipite meza hadi meza nimtazame kila mmoja anavyotafuna," anasema, akisokota karatasi nyingine bila kuitazama. "Lakini pete ziingie. Mtu wa miaka tisini naye akipewa kipande, anataka kuona kama humo kuna chake."