Reli Iliyopita Chumbani kwa Mama

Songea haina treni. Naanza na hilo ili asije mtu akanisumbua na maswali. Nimefundisha jiografia katika sekondari za mji huu mpaka mvi zikanishika, na kila mwaka nilichora ubaoni ile reli inayosemwa siku zote, ya kutoka Mtwara ipite kwetu ikagote Mbamba Bay, ziwani. Niliichora kwa vidoti. Mwanafunzi akiniuliza vidoti maana yake nini, namwambia, "Ipo kwenye mpango." Wanafunzi wale sasa ni wazazi wenye vitambi, na vidoti havijaungana.

Nilipostaafu nilikuwa na ahadi moja tu shingoni. Nilimpa marehemu baba, akiwa kitandani kule kijijini Lusewa: kwamba mama hatabaki peke yake, nitamjengea chumba kwangu Ruhuwiko, hapahapa mjini, aje akae nasi. Chumba nikakijenga kweli. Kuta zilikuwa zimepigwa lipu tu, bila rangi, lakini kilikuwa na dirisha la kupokea jua la asubuhi, sakafu laini ya saruji, na mlango wa mninga ambao seremala aliupiga msasa mpaka ukang'aa. Kilichokosekana ni mama mwenyewe, aliyesema atakuja mvua zikikatika.

Hapo ndipo padre mmoja mzee wa Kizungu, tuliyezoeana naye kwa mchezo wa drafti, aliporudi kwao kupumzika akaniachia boksi. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni kirefu kama kidole changu cha kati, mabehewa manne, vipande vya reli vya kutosha duara moja, na transfoma. Nikavipanga juu ya meza ya chakula. Nikawasha. Treni ikazunguka bakuli la sukari, nami nikacheka peke yangu kama mwehu. Mtu mzima, baba mkwe wa watu, nimepiga magoti nachungulia behewa!

Mke wangu ni muuguzi mstaafu, mtu ambaye maisha yake yote amewaambia watu ukweli wakiwa wamelala chali. Alisimama na mwiko mkononi.

"Inaenda wapi?"

"Inazunguka."

"Naona inazunguka. Nauliza inaenda wapi."

Swali hilo ndilo lililoniponza. Treni inayozunguka bakuli la sukari haina hadhi. Nikaamua kuunganisha vidoti vyangu mwenyewe, kutoka pwani hadi ziwani, bila kumsubiri mtu.

Duka la reli za kuchezea Songea halipo, usiulize. Nilimwendea fundi redio wa pale sokoni, mtu wa Tunduru, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikipima kichwa cha treni kwa vidole, akasema, "Mwalimu, hapa tutatumia spoku za baiskeli. Inshallah itakwenda." Spoku zikanunuliwa. Tukazikata, tukazikunja, fundi akazilehemu kwa risasi. Mara ya kwanza alizilehemu reli zote mbili, ya kulia na ya kushoto, juu ya ukanda mmoja wa bati, shoti ikalipuka na kuzima taa za nyumba nzima. Gizani, maana mapazia yalikuwa yamefungwa, fundi akasema, "Alhamdulillahi, umeme upo." Tukabadilisha tukatumia vijiti vya mbao na misumari midogo, na spoku zikashika.

Meza haikutosha. Nikaongeza plaiwudi upande wa mashariki, Mtwara ikakaa karibu na televisheni. Nakapanya niliipamba kwa maganda ya korosho, kwa heshima ya fundi, aliyezaliwa huko. Majani niliyatengeneza kwa maranda ya mbao yaliyotiwa rangi ya kijani. Makaa ya mawe niliyaokota barabarani, yanayodondoka kwenye malori ya kutoka Mbinga. Ya kweli kabisa, behewa zima. Kufika Namtumbo reli ikakata kona kali kwenda kusini hadi Lusewa, halafu ikarudi juu. Fundi aliuliza kwa nini tunaipindisha hivyo. Nikamwambia ni kwa sababu za kiufundi. Sababu zenyewe ni kwamba mimi nimezaliwa Lusewa.

Kuanzia hapo mke wangu akaacha kuniita baba fulani. Akaniita Mheshimiwa.

Songea ilikaa mbele ya kabati la vyombo, na sebule ikaishia hapo. Mbele ya Songea kulikuwa na ukuta, mlango wa mninga, na nyuma yake chumba kitupu chenye nafasi ya kutosha ziwa zima. Nilijiambia ni kwa muda tu. Neno "kwa muda" ni tamu sana ulimini mwa mwenye mamlaka. Nikasimamisha kitanda cha mama wima ukutani, nikajenga meza kubwa kwa nguzo za mirunda, nikaweka juu yake kioo kilichopakwa rangi ya bluu kwa nyuma. Hilo likawa Nyasa.

Siku ileile, kama amenusa, mama akapiga simu.

"Baba, mvua zimekatika. Nije?"

Mungu anisamehe, niliusikia mdomo wangu ukisema, "Mama, chumba kiko kwenye matengenezo madogo. Tupe muda kidogo, mchakato unaendelea."

"Haya, baba."

Alipiga tena baada ya mavuno. Nikamwambia tumeingia awamu ya pili. "Haya, baba," akasema, wala hakuuliza awamu ya kwanza ilikuwa ya nini. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mama yule anazeeka, Mheshimiwa," akasema. "Ziwa lako halizeeki." Nikajifanya nimebanwa na kazi, nikaenda kupaka rangi bandari.

Ujeuri wangu ukazidi kukua. Kila kitu kilichokaa kwenye njia ya reli nilikipiga alama ya X, kama nyumba za kubomolewa, kwanza kwa chaki: mkono wa sofa, stuli, kabati. Ilikuwa mzaha wa kumchokoza mke wangu. Yeye naye akauliza, "Na fidia?" Nikamjibu, "Inashughulikiwa." Tulicheka, nakiri. Lakini mlango ulikuwa tatizo halisi. Ilibidi ufungwe, maana paka wetu alishazoea kulala ziwani, na treni nayo ilibidi ipite. Nikaamua kuukata tundu la handaki usawa wa kiuno. Kwa kuwa chaki ilikuwa inafutika, nilichukua rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka geti, nikapiga X kubwa juu ya mninga ule, ili fundi asikosee mahali. Mke wangu alipouona aligeuka akarudi jikoni. Ndivyo alivyozoea kufanya wodini, kwa wagonjwa wasiosikia la mtu.

Kabla fundi hajaleta msumeno, bajaji ikasimama getini. Akashuka mama, na begi moja, mfuko wa mbaazi na kuku mwekundu aliyefungwa miguu. Hakuwa ametoa taarifa.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Nimeona nije niwasaidie hayo matengenezo."

Nilitamani kuingia ndani ya behewa nijifungie. Mke wangu alimpokea begi na kumweka sebuleni kwa chai, huku mimi nakimbizana na kitanda. Meza ya ziwa haikuwa ya kuhamishika, nilikuwa nimeipigilia misumari ya inchi nne kwa kiburi. Nikakilaza kitanda kwa kukiingiza nusu chini yake. Mama yangu mzazi, akilala, miguu yake ilikuwa chini ya Mbamba Bay.

Alipoletwa chumbani alisimama mlangoni. Akapitisha kiganja juu ya ile X, taratibu.

"Ni alama tu ya fundi, mama."

"Alama naijua, baba," akasema, akaingia.

Wala hakununa. Asubuhi yake aliniomba nimwashie treni. Ilipopiga kona ile ya sababu za kiufundi, aliuliza, "Hapa ni wapi?" Nikamwambia Lusewa. Akapiga kigelegele, kuku akashtuka uani. "Kumbe imetufikia!" Kila mgeni aliyekuja alipelekwa na mama kuonyeshwa stesheni ya Lusewa, kijisanduku cha kiberiti chenye paa la bati. Nikajipongeza. Nikasema moyoni, unaona, mambo yamekaa sawa bila kubomoa kitu.

Lakini begi halikufunguliwa. Mke wangu ndiye aliyeligundua. Mama alikuwa anatoa khanga, anavaa, jioni anaikunja, anairudisha, anafunga zipu. Misumari niliyompigilia ukutani ilibaki mitupu. Picha ya baba, ambayo Lusewa haikuwahi kubanduka juu ya kitanda chake, haikutoka. Begi lilikaa juu ya kiti karibu na mlango, kama la mtu aliye stendi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Moyo ukaanza kunisumbua: mama anataka kuondoka. Na akiondoka, basi, nimemdanganya marehemu.

Nami nikiogopa huwa nakasirika, ndivyo nilivyo. Nilimfuata akichambua mbaazi barazani, nikasema kwa sauti ya darasani, "Mama, kwani hapa si kwako? Mbona unaishi kama uko gesti?"

Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa jambo la wazi.

"Nyumba yenye alama huwekei vitu, baba."

Nikataka kucheka. Akaendelea kuchambua.

"Unakumbuka walipokuja wale wenye kopo la rangi nyekundu, wakasema barabara inapanuliwa? Baba yako alikuwa amenunua chokaa, ndoo mbili, apake kuta kabla ya Noeli. Wakapiga X. Akasema, siwezi kupaka nyumba ya kuvunjwa. Tukangoja. Paa likavuja, akasema tungoje. Mlango ukaliwa na mchwa, tungoje. Hawakuja. Chokaa ikagandia ndani ya ndoo. Yeye akaondoka kabla yao." Akapuliza maganda. "Sina neno mimi. Mkitaka kuvunja mniambie mapema tu, nisiwacheleweshe."

Niliikumbuka nyumba ile. Kuta zake zilikuwa na madoa, zimemomonyoka, na X ikiwa imefifia kando ya dirisha. Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliwahi kumsema baba kwa ajili ya kuta zile. Nilikwenda likizo na viatu vyangu vya kung'aa nikamwambia amekuwa mvivu, watu wanatuona hatuna mbele wala nyuma. Aibu iliyonishika pale barazani, we acha tu. Machozi yalinitoka mbele ya mama na mbele ya kuku.

Nilimpigia simu fundi saa ileile.

"Mwalimu, nije na msumeno?"

"Njoo na nyundo."

Alipofika akashika kidevu. "Wallahi, hii ni bomoabomoa."

"Bomoa."

Tulianza na ziwa. Mke wangu alivaa glavu zake za zamani akabeba vipande vya kioo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi hakuniita Mheshimiwa. Bandari ikaenda, mirunda ikaenda, kitanda kikarudi mahali pake, chini ya dirisha. Nikabaki na mlango. Niliupiga msasa mpaka mabega yakauma, lakini rangi ilikuwa imeingia ndani ya mninga. Kila nilipopangusa vumbi, X ilikuwa pale, sasa ya waridi. Mama alikuwa anatazama kwa adabu.

"Hata ile ya kwetu baba yako alijaribu kuifuta," akasema.

Nikaung'oa mlango na bawaba zake. Seremala akaleta mwingine, wa paina tu, mwepesi, haujapigwa hata vanishi. Ule wa mninga tukaulaza barazani juu ya matofali, na fundi akapanga juu yake reli iliyoweza kuenea: inaanzia Nakapanya, inaishia Lusewa. Ziwani haifiki. Wageni wakiniuliza kwa nini imeishia njiani nawaambia ni sababu za kiufundi, na safari hii hata sioni aibu.

Siku seremala alipomaliza, mama aliukagua mlango mpya. Akaufungua, akautazama upande wa ndani, akaufunga, akautazama wa nje. Akapapasa mbao kwa kiganja kuanzia juu mpaka chini. Kisha akanigeukia na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba kibali ofisini:

"Sasa kuta zinaweza kupakwa chokaa?"

"Zinaweza, mama."

Nilikwenda mwenyewe nikanunua chokaa, nikarudi nikavua shati. Mama alikataa kukaa barazani. Alifunga khanga kiunoni, akaichukua brashi mkononi mwangu, akapaka ukuta juu ya kitanda, mahali padogo tu, padogo kama kitabu. Akanirudishia brashi. Mimi nikaendelea na ukuta, nimempa mgongo, nikasikia zipu ya begi inafunguliwa. Pale alipopaka palipokauka, aliniomba nyundo na msumari, mkononi ameshika picha ya baba.