Siku Nane za Kutafuta Neno

Harufu ya maharage mabichi yakichemka bado hunikumbusha barua moja. Msimu ule, kwetu Bukiriro, ndiyo yalikuwa yanavunwa, nami nilikuwa kidato cha kwanza, nikidhaniwa najua Kiingereza. Kikundi cha akiba cha akina mama kilikuwa na sanduku la kufuli tatu, na ufunguo mmoja aliushika mama yangu. Walipofungua akaunti benki, yeye ndiye aliyetumwa mjini kuweka fedha. Aliziweka. Ila mvua ilimkuta njiani, stakabadhi ikawa uji, na mwenyekiti alipokwenda kuuliza salio akaambiwa hakuna kitu.

Mwenyekiti, Mama Odilia, hakuwa mtu mbaya. Fedha ya watu inatia wazimu. "Tuwaandikie benki barua ya Kiingereza," alisema. "Ya Kiswahili watafungia maandazi." Wote wakanigeukia. Mama akaniuliza, "Unaweza, au huwezi?" Nikasema naweza. Mficha uchi hazai, najua, lakini mbele ya wanawake ishirini ningesemaje?

Nilikwama kwenye neno moja, la kuweka fedha kwenye akaunti. Nilikuwa na matatu: add, deposit, credit. La kwanza lilinukia hesabu za darasa la pili. La tatu nililijua la kukopa, nikaogopa wasije wakadhani mama anaomba mkopo. La pili sikuwa na hakika nalo hata kidogo. Nikaandika, nikafuta. Kisimani wanawake walinyamaza mama akifika. Siku ya sita wakamnyang'anya ufunguo. Kila kishindo uani nilidhani ni mgambo wamemfuata.

"Mwanangu, bado?"

"Kesho, mama."

Siku ya tisa nikaandika deposit, mama akaenda nayo benki. Alirudi jioni na barua ikiwa bado imefungwa. "Yule kijana wa dirishani kaniamkia shikamoo, kaniuliza shida yangu kwa Kiswahili. Nikamtajia siku niliyofika, akapekua. Fedha waliingiza kwenye akaunti ya kikundi kingine."

Angeweza kwenda siku ya kwanza. Alikuwa ananisubiri mimi.

Mama Odilia alikuja mwenyewe na ufunguo, akapiga magoti. "Dada, tusamehe." Mama alisamehe, sina ushahidi wa kusema vinginevyo. Ufunguo hakuupokea.

Siku hizi ujumbe wa benki huingia kwenye simu, kwa Kiswahili, hata hujatoka mlango wa benki. Ni jambo jema, nisiwe mchoyo wa kusifu. Lakini mama akiuza kahawa yake, hunipa mimi fedha nikamwekee, na kabla sijazigusa humwita jirani aje aone tukizihesabu.